Jozi Tisa na Wapiga Ngoma Saba

Maneno haya kuhusu mbegu za kiume za wadudu niliyasema Jumamosi iliyopita mjini Tukuyu, mbele ya walimu wa baiolojia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na wazazi waliokuja kutusikiliza. Mvua iliwazuia wengi waliokuwa watoke Kyela na Mbeya mjini, nao wameniomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mugonile, wazee wetu. Shikamooni. Ndugu zangu walimu, wanangu wanafunzi, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Kabla ya yote naomba radhi. Leo nitataja manii, na humu ndani wamo akina baba na binti zao. Najua pia mila ya hapa Rungwe, kwamba mkamwana na baba mkwe wake hawakutani hata njiani, sembuse kuketi ukumbi mmoja na kusikia maneno haya. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nikaona kwamba kila aliye humu, mkwe na mkamwana, mwalimu na mwanafunzi, alianza safari yake kwa chembe moja yenye mkia. Nitaisema habari hii kwa heshima, na ninyi mnisikilize kwa heshima hiyohiyo.

Tazameni hiki kilicho kiganjani kwangu. Mlio nyuma mtadhani ni kijiti. Si kijiti. Nimekiokota juzi Mto Kiwira, chini ya Daraja la Mungu, pale maji yanapopunguza kasi nyuma ya mawe makubwa. Ni mrija mwembamba kama njiti ya kiberiti, umejengwa kwa chembe za mchanga, nyingi nyeusi za volkano, moja moja zinang'aa kama kioo. Chembe hizo zimepangwa ukingo kwa ukingo, kubwa kwa kubwa na ndogo kujaza pengo, kama fundi mzuri anavyopanga mawe ya msingi. Ndani umesakafiwa kwa hariri. Nilipouweka kwenye sahani nyeupe yenye maji ya mto, nikatulia, kikatoka kichwa cha kahawia na miguu sita, kikaanza kuburuta nyumba yake yote. Nikagusa kwa unyasi. Kikarudi ndani, kimya.

Huyo ni buu wa mdudu ambaye kundi lake kitaalamu linaitwa Trikoptera, yaani wenye mabawa ya nywele. Wanafunzi wangu wanawaita wajenzi, na leo nitawaita hivyo. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 16,000. Baadhi hujenga kwa mchanga, wengine kwa vipande vya majani, na wapo wasiojenga nyumba ya kubeba bali hutega wavu wa hariri kati ya mawe na kula kinacholetwa na mkondo. Wakikomaa huota mabawa, hutoka majini, na jioni huja kwenye taa ya baraza lako. Umemwona mara nyingi: mdudu wa rangi ya vumbi, pembe ndefu zimeelekezwa mbele, mabawa yamekunjwa mgongoni kama paa la mgongo wa tembo. Ukasema, "Ni nondo tu huyo," ukampunga kwa mkono.

Ni nondo? Hapana. Lakini hukukosea sana, na nitalirudia jambo hilo.

Naanza na mkia.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulichorewa ubaoni mbegu ya kiume: kichwa, kipande cha kati, mkia. Nami nilipokuwa mwalimu nikachora vilevile, miaka kumi na moja, nikiwaaminisha watoto wa watu kwamba mbegu ya kiume ina umbo moja. Wenzangu, nawaombeni tusiendelee hivyo. Katika ulimwengu wa wanyama hakuna chembe ya mwili yenye maumbo mengi kama hii. Ya binadamu ina urefu wa kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ya inzi mmoja mdogo aitwaye Drosophila bifurca ina urefu wa sentimita 5.8, karibu mara ishirini ya mwili wa dume mwenyewe, imekunjwa kama mpira wa uzi. Mchwa mmoja wa Australia, Mastotermes, mbegu yake ina mikia kama mia moja. Na jamii nyingi nyingine za mchwa, ndugu za hawa kumbikumbi tunaowakaanga, mbegu zao hazina mkia hata mmoja.

Je, mtoto aliyefundishwa mchoro mmoja atayajua haya lini?

Mwaka 1677 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antonie van Leeuwenhoek, alitazama manii kwa lenzi aliyoisaga kwa mikono yake, akaona vitu vyenye mikia vinaogelea. Alijua kwamba vinakwenda, ila injini yake hakuiona. Ilibidi kusubiri hadubini ya elektroni, karne ya ishirini.

Sasa nisaidieni kufikiri. Kila mmoja hapa amewahi kukata mgomba kwa panga. Ukitazama pale ulipokata, unaona duara ndani ya duara. Basi ukate mkia wa mbegu namna hiyo, mkia ambao uti wake una unene wa sehemu moja kati ya elfu tano za milimita. Utaona nini? Utaona uwanja wa ngoma. Jozi tisa za mirija zimesimama katika duara, kila jozi mirija miwili iliyoshikana. Katikati kuna mirija miwili, kila mmoja umesimama peke yake, kama wapiga ngoma wawili. Ndivyo ulivyo mkia wa binadamu, wa ng'ombe, na wa viumbe wengi mno. Wadudu wengi wameongeza nje ya hapo mirija mingine tisa, kama watazamaji waliozunguka uwanja. Wataalamu huandika kwa ufupi: 9+9+2.

Na wachezaji wanachezaje? Kila jozi ina mikono midogo inayonyooka kuelekea jozi ya jirani. Mikono hiyo ni protini iitwayo dainini. Mkono unamshika jirani, unavuta, unaachia, unashika tena. Jirani anateleza. Lakini kwa kuwa wote wamefungwa shinani hawawezi kuchomoka, kwa hiyo badala ya kuchomoka mkia unapinda. Upande huu unavuta, upande ule unaachia, kisha wanabadilishana. Hapo mkia unapiga wimbi. Hiyo ndiyo siri yote: kushika, kuvuta, kuachia.

Mtu aliyeiona mikono hiyo vizuri, akaieleza mwaka 1959, ni Björn Afzelius wa Sweden. Alikuwa akichunguza manii ya urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Jina la dainini lilikuja baadaye, 1965, kwa kazi ya Ian Gibbons.

Sikilizeni kilichofuata, wazazi hasa. Miaka ikapita. Wakamjia Afzelius wanaume wachache ambao manii yao yalikuwa hai lakini hayaendi. Baadhi yao walikuwa na kikohozi kisichoisha na mafua ya kudumu tangu utotoni. Wengine moyo wao ulikuwa upande wa kulia. Nani angeunganisha utasa, kikohozi, na moyo uliohama upande? Afzelius alitazama mikia ya manii yao kwa hadubini ya elektroni. Jozi tisa zipo. Wawili wa katikati wapo. Mikono haipo! Akatazama nywele ndogondogo za njia ya hewa, zile zinazosukuma makohozi kutoka mapafuni. Nazo hazina mikono. Maana nywele zile zimejengwa kwa uwanja uleule wa ngoma. Alichapisha habari hiyo mwaka 1976. Na leo tunajua kwamba hata moyo kukaa kushoto hutegemea nywele za namna hiyo zinazozunguka kwenye kiinitete. Zikikosa kuzunguka, upande huamuliwa kwa bahati, ndiyo maana karibu nusu ya wagonjwa hao viungo vyao vimegeuka.

Nimewasimulia hayo kwa sababu kila ninapotaja mbegu za kiume za wadudu, yupo anayeniuliza, "Mwalimu, zitatusaidia nini?" Mwenzangu, aliyeanza na urchini wa baharini ndiye aliyefika kwenye kifua cha mgonjwa.

Turudi kwa wajenzi wetu. Nimesema katikati ya uwanja wapo wapiga ngoma wawili. Je, lazima wawe wawili?

Mbu ana mmoja. Efemera, yule mdudu wa mtoni ambaye akishapata mabawa huishi siku moja au mbili tu, hana hata mmoja. Mkunga wa maji baridi hana, na mbegu yake inaogelea vizuri. Na katika baadhi ya jamii za wajenzi, ukikata mkia ukahesabu katikati, unakuta saba.

Saba, ndugu zangu!

Mara ya kwanza nilipoonyeshwa picha hiyo nilihesabu kwa ncha ya kalamu, nikahesabu tena, nikamwita mwenzangu naye ahesabu. Saba. Nyumbani chukueni mirija saba ya soda mkaifunge kwa mpira: mmoja utakaa katikati na sita itauzunguka, imebana kabisa, haina pengo. Jambo hili lilichapishwa tangu mwaka 1969, na miaka mingi baadaye mimi nilikuwa bado nachora mchoro mmoja ubaoni.

Afzelius huyohuyo aliungana na Romano Dallai wa Chuo Kikuu cha Siena, Italia. Mwaka 1990 walichapisha kazi moja ninayoipenda sana. Walitumia dawa mpya ya kuhifadhia manii ya wadudu, yenye tanini, ile inayoyafanya majani ya chai yetu yakaze ulimi. Kwa dawa hiyo kuta za mirija zikaonekana kuwa zimesukwa kwa nyuzi, na nyuzi zikahesabika. Mrija wa kawaida una nyuzi 13. Ile tisa ya nje, wale watazamaji wa ngoma, kwa wadudu wengi ina nyuzi 16, na makundi mengine yana hesabu zao tofauti. Baada ya hapo, katika miaka ya 1990, Dallai na wenzake wakapitia manii ya wajenzi jamii kwa jamii, kama karani wa sensa anavyopita nyumba kwa nyumba.

Kwa nini mtu mzima ahesabu nyuzi ndani ya ukuta wa mrija ndani ya mkia wa mbegu ya mdudu? Kwa sababu hesabu hizo hurithiwa. Mbegu ya kiume inabeba urithi kichwani, na mkia wake nao ni urithi. Ukikuta jamii mbili zina kitu kilekile cha ajabu, una sababu ya kuuliza kama babu yao ni mmoja.

Na kwa nini mkia wa wajenzi ukaruhusiwa kubadilika hivyo? Hapa nasema ninavyoamini mimi. Msidhani mbegu hizo huogelea mtoni kama za samaki. Dume wa wengi wao humpa jike manii yakiwa yamefungwa ndani ya kifurushi, na jike huyahifadhi katika kifuko tumboni mwake mpaka siku ya kutaga. Njia ni fupi, imefunikwa, na mwili wa jike unafanya sehemu ya kazi. Mkia usiotegemewa kuvuka maji unaweza kupoteza kitu au kuongeza kitu, na mwenye nao bado akapata watoto. Mchwa wasio na mkia wananipa moyo wa kuamini hivyo.

Sasa lile la nondo.

Wajenzi na kundi la vipepeo na nondo ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna kundi lingine la wadudu lililo karibu nao zaidi. Mmoja ana nywele kwenye mabawa, mwingine ana magamba, ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo. Na magamba ni nywele zilizopanuka. Buu wa mmoja anatema hariri ndani ya maji, buu wa mwingine nchi kavu. Hata jinsia wanaiamua kwa njia moja: jike ndiye mwenye kromosomu za kutofautisha, kwa hiyo yai lake ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa dume au jike.

Nisimame hapa kidogo. Kwa wajenzi na vipepeo, mama ndiye anayeamua. Kwa binadamu ni kinyume chake. Mbegu ya baba yenye kromosomu X huleta binti, yenye Y huleta mwana. Hapa kwetu nyanda za juu, ni akina mama wangapi wamesimangwa, wamerudishwa kwao, wameletewa mke wa pili, kwa kuzaa mabinti tu? Nimemwona shangazi yangu akilia kwa jambo hilo. Wazee wangu, nawaambia kwa heshima yote: hakuwa na kosa. Hakuwa na kosa hata kidogo.

Tuendelee. Mwaka 1903 Mjerumani Friedrich Meves alieleza kwamba nondo dume hutengeneza mbegu za aina mbili. Aina ya kwanza ina kiini, inabeba urithi, inaweza kurutubisha yai. Aina ya pili haina kiini kabisa. Ina mkia, inaenda, lakini haina cha kumpa mtoto. Na mara nyingi hizo zisizo na kitu ndizo nyingi zaidi! Kwa zaidi ya miaka mia watu wakajiuliza: dume anapoteza nguvu kwa nini? Wengine walisema zinajaza kifuko cha jike ili asitafute dume mwingine. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walitoa jibu kwa nondo wa hariri. Walivuruga jeni inayohitajika kuzitengeneza hizo zisizo na kiini. Zenye kiini zilikuwepo, lakini hazikufika kwenye kifuko cha jike. Zile tulizoziona bure ndizo zinazozifikisha nyingine.

Je, wajenzi nao wana aina hizo mbili? Hawana. Basi jambo hilo lilizaliwa lini, kabla ya ndugu hawa kuachana au baada ya hapo?

Fikirini ukoo. Mzee alikuwa na wana wawili. Wajukuu wa upande mmoja karibu wote wanasuka mikeka kwa mtindo fulani. Wa upande wa pili hakuna hata mmoja anayeujua. Mtasema mtindo ulianza upande ule, baada ya wana kugawana mashamba. Sasa, katika upande ule wa wasukaji, kuna tawi moja lililojitenga mapema sana, nalo halijui mtindo. Mtasema nini? Mtindo ulianza baada ya tawi hilo kuondoka. Kwa nondo tawi hilo lipo: ni nondo wadogo wa jenasi Micropterix, ambao mpaka leo wana taya na hutafuna chavua badala ya kufyonza. Madume wao wamechunguzwa, wakakutwa na mbegu zenye kiini tu. Kwa njia hiyo, bila jiwe lenye alama ya mdudu wa kale, tumeweka kidole kwenye mti wa ukoo tukasema: ni hapa, baada ya tawi hili.

Wanafunzi, hiyo ndiyo maana ya kusoma mageuko. Ni kazi ya kuuliza ndugu.

Sasa niwaambie lililonileta. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwatafuta wajenzi, niliokota mabuu arobaini Kiwira, nikawatia kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikafunga kizibo, nikapanda Coaster kwenda Mbeya mjini. Jua lilikuwa linapiga upande wangu wa dirisha. Nilipofika, wote arobaini walikuwa wamelala chini ya chupa, wametoka nje ya nyumba zao. Maji yalikuwa yamepata joto, hewa imeisha. Sikula siku ile. Mdudu aliyezoea maji ya baridi yanayokimbia hana uvumilivu. Ndiyo maana wanaopima afya ya mito humtumia kama shahidi. Hapa Tanzania tuna kipimo kinachoitwa TARISS kilichotengenezwa kwa ajili ya mito yetu, na wadudu wa majini ndio wanaopewa alama ndani yake.

Wale wanaotega nyavu za hariri wanahitaji mkondo usiku na mchana. Mto ukisimama, wavu unalegea na mwenye wavu anakufa njaa. Mnaijua habari ya Ruaha Mkuu, jirani zetu wa Iringa wanaishi nayo: tangu 1993 mto ule umekuwa ukiacha kutiririka kila kiangazi ndani ya hifadhi. Huzungumzwa habari za viboko na umeme, na ni haki. Mimi humfikiria pia aliyekuwa chini ya jiwe na wavu wake. Alikuwa na uwanja wake wa ngoma tumboni, na hesabu yake katikati.

Kiwira bado unakimbia. Tunausikia mngurumo wake Daraja la Mungu hata kabla ya kuuona. Ninachowaomba walimu ni kitu kidogo. Shule zenu nyingi zina walau hadubini moja ya kawaida. Mchukueni dume aliyekuja kwenye taa, mfungueni tumbo ndani ya tone la maji ya chumvi hafifu, funikeni kwa kioo, ongezeni ukubwa mara mia nne. Mirija hamtaiona, hiyo inataka elektroni. Lakini mtaona nyuzi, mafungu kwa mafungu, kama nywele zilizosukwa na kuanza kufumuka. Mwacheni kila mtoto aweke jicho. Msimharakishe.

Jumamosi ijayo, mvua ikipungua, tukutane darajani saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na sahani nyeupe na viatu visivyoteleza. Chupa hatutabeba safari hii, tutawatazama palepale mtoni. Na kila jiwe tutakaloligeuza tutalirudisha kama tulivyolikuta, upande uleule juu.

Ndaga fijo.